Kufuli Tulilolegeza 1965

Kuna jambo moja ambalo wanasiasa wetu wa serikali na wa upinzani huafikiana juu yake bila mvutano: kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 imefungwa mno. Mawakili hulisema kwenye makongamano, wahariri huliandika, na katika mijadala ya redio ya asubuhi hupokelewa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Ushahidi wao ni huu. Tangu Katiba izinduliwe pale Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010, hakuna hata kifungu kimoja kilichorekebishwa. Kampeni ya Okoa Kenya ya kuirekebisha ilianguka 2016. Punguza Mizigo ikaanguka 2019. BBI (Building Bridges Initiative), iliyosukumwa na rais aliyekuwa madarakani pamoja na kinara wa upinzani, ikaanguka 2022. Ikiwa hata hao wawili walishindwa, wanauliza, nani ataweza? Kwa hiyo, wanahitimisha, Sura ya 16 inayoeleza utaratibu wa kurekebisha Katiba ndiyo yenye kasoro, na suluhisho ni kushusha viwango vyake.

Suluhisho hilo si geni. Kenya ilishawahi kushusha viwango vya kurekebisha katiba yake, mwaka wa 1965, na walioishi hapa miaka iliyofuata wanajua kilichotokea, wengine kwa kusikia, wengine kwa kukamatwa. Kinachonisikitisha ni kwamba mjadala wa leo unaendeshwa kana kwamba historia hiyo haikuwahi kuwepo.

Katiba ya uhuru, iliyojadiliwa Lancaster House jijini London, haikuwa laini. Kugusa kifungu cha kawaida kulihitaji robo tatu ya wabunge katika mabaraza yote mawili, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Kwa mambo mazito, kama haki za raia na mamlaka ya majimbo, Seneti ilitakiwa kuunga mkono kwa asilimia 90. Hilo lilikuwa kufuli la KADU, chama kilichosimama na jamii ndogo zilizohofia kumezwa. KANU, chama tawala, ililalamika tangu mwanzo kwamba katiba ya namna hiyo imebana mno na haitekelezeki. Novemba 1964 KADU ikavunjwa, wabunge wake wakajiunga na KANU, na kufuli likabaki bila mlinzi. Mwaka uliofuata yakaja marekebisho yaliyoligusa kufuli lenyewe. Yalishusha kiwango cha kura hadi asilimia 65.

Baada ya hapo kila kitu kikawezekana. Seneti yenyewe ilifutwa mwishoni mwa 1966. Majimbo yalinyolewa mamlaka kidogo kidogo hadi yasibaki hata jina. Lakini napenda msomaji atazame kwa karibu marekebisho mawili, kwa sababu yanahusu wanaume watatu waliohukumiwa pamoja Kapenguria wakati wa ukoloni, na yanaonyesha katiba iliyolegezwa hugeuka kuwa chombo cha nani.

Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kujiunga na chama cha upinzani cha KPU. Baadhi ya wabunge wakamfuata, wakiwemo Bildad Kaggia na Achieng Oneko, ambao wote wawili walihukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, aliyekuwa sasa Rais. Kabla mwezi haujaisha, Bunge lilikuwa limepitisha marekebisho ya katiba yaliyosema kwamba mbunge anayekihama chama kilichomdhamini lazima arudi kwa wapiga kura. Wabunge wa KADU walipohama miezi kumi na minane kabla ya hapo, kuelekea upande wa serikali, hakuna aliyeambiwa arudi kokote. Kaggia akapoteza kiti chake cha Kandara katika uchaguzi mdogo wa Juni, na Oneko akapoteza Nakuru.

Mtu wa tatu ni Paul Ngei, naye mfungwa wa Kapenguria, lakini yeye alikuwa waziri na mwandani wa Rais. Mahakama ilimtia hatiani kwa kosa la uchaguzi wa 1974, na sheria ikamzuia kugombea kwa miaka mitano. Desemba 1975 serikali ikapeleka Bungeni mswada wa kurekebisha katiba ili Rais aweze kumsamehe mtu aliyezuiwa namna hiyo. Ukasomwa mara zote na kupita alasiri moja. Ngei akasamehewa, akagombea, akarudi Bungeni.

Kwa hiyo katika muda wa chini ya miaka kumi sheria kuu ya nchi ilibadilishwa mara moja kuwaadhibu wafungwa wawili wa Kapenguria na mara nyingine kumwokoa wa tatu. Hakuna Mkenya wa kawaida aliyeulizwa neno katika nafasi zote mbili. Na hakuna sheria iliyovunjwa. Asilimia 65 ilipatikana, karatasi zote zilikuwa sawa.

Kutoka hapo safari ilikuwa ya mteremko. Tarehe 9 Juni 1982 Charles Njonjo aliwasilisha mswada wa Kifungu cha 2A, Mwai Kibaki akauunga mkono, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Haraka ile ilikuwa na sababu: Jaramogi na George Anyona walikuwa wakijiandaa kuunda chama. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali waliondolewa ulinzi wa kazi zao. Mwaka 1988 ikawa zamu ya majaji, na katika mswada huo huo muda wa polisi kumshikilia mshukiwa wa kosa la kunyongwa kabla ya kumfikisha mahakamani ukaongezwa kutoka saa 24 hadi siku 14. Uhaini ni kosa la kunyongwa. Zilikuwa ni siku za vyumba vya chini vya Nyayo House, na waliopitia humo wanaelewa siku 13 za ziada zina maana gani kwa mtu aliye mikononi mwa watesi wake. Huo ndio urahisi wa kurekebisha katiba, ukiutazama kutoka ndani ya seli.

Nimewahi kujibiwa kwamba urahisi huo huo ndio uliotuwezesha kukifuta Kifungu cha 2A Desemba 1991. Sikubali. Kifungu hicho hakikufutwa na urahisi wa utaratibu. Kilifutwa na watu waliopigwa risasi siku ya Saba Saba 1990, waliowekwa kizuizini, na wafadhili waliosimamisha misaada. Ilichukua alasiri moja kuiondoa haki na miaka tisa ya machozi kuirudisha. Anayeusifu utaratibu huo kwa sababu mwishowe ulirudisha ulichokichukua ana hesabu tofauti na yangu.

Sasa nije kwenye kosa ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote katika hoja ya watu wa kulegeza. Wao wanaangalia sehemu ya kura tu. Wanasema theluthi mbili ni nyingi, ipunguzwe. Lakini theluthi mbili ya wabunge wote, inayotakiwa na Kifungu cha 256 leo, na asilimia 65 ya wabunge wote, iliyotawala kutoka 1965, vinapishana kwa chini ya asilimia mbili. Kwa kipimo cha kura za wabunge pekee, Katiba ya 2010 si ngumu sana kuliko ile iliyobadilishwa alasiri moja kwa ajili ya Ngei. Kwa kawaida kura za wabunge hazijawa kizuizi Kenya, kwa sababu wabunge wetu hukusanyika upesi sana pale wenye nguvu wanapoafikiana.

Kilichobadilika 2010 ni mambo mawili ambayo wabunge hawawezi kuyatengeneza peke yao: muda na wananchi. Mswada wa kurekebisha Katiba ukishasomwa mara ya kwanza, hauruhusiwi kusomwa mara ya pili katika Bunge la Taifa wala Seneti kabla ya siku 90 kupita, na katika siku hizo Bunge lina wajibu wa kuutangaza na kuwezesha umma kuujadili. Siku 90 pekee zingetosha kuuzuia mswada wa Ngei, kwa sababu ni mswada ambao usingeweza kuelezwa mchana kweupe kwa miezi mitatu. Halafu kuna orodha ya Kifungu cha 255, yenye mambo kumi: ukuu wa Katiba, eneo la nchi, mamlaka ya wananchi, tunu za taifa, Sheria ya Haki, muhula wa Rais, uhuru wa Mahakama na wa tume huru, kazi za Bunge, ugatuzi, na utaratibu wenyewe wa kurekebisha Katiba. Ukigusa lolote kati ya hayo, lazima uende kwa wapiga kura.

Na mtihani wa kura hiyo ya maamuzi ni upi? Wingi wa kawaida wa waliopiga kura, na angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wawe wamejitokeza katika angalau nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Basi. Asilimia 20. Katika kura ya 2010 waliojitokeza nchini walipita asilimia 70. Sijui ni vipi mtu mwenye jambo ambalo taifa linalitaka atashindwa kumtoa nyumbani mpiga kura mmoja kati ya watano katika nusu ya nchi. Anayekiita kiwango hicho kizito anatuambia kitu kuhusu jambo lake, si kuhusu Katiba.

Njia ya pili, ya Kifungu cha 257, ni ya wananchi wenyewe: sahihi za wapiga kura milioni moja, kisha mabunge ya kaunti yasiyopungua 24, kisha wingi wa kawaida tu katika mabaraza yote mawili ya Bunge. Hata Bunge likikataa, mswada haufi; unakwenda kwa wananchi. Tena sahihi milioni moja imeandikwa kama idadi, si kama asilimia. Mwaka 2010 wapiga kura waliosajiliwa walikuwa zaidi ya milioni 12, kwa hiyo milioni moja ilikuwa karibu asilimia nane yao. Kufikia uchaguzi wa 2022 waliosajiliwa walikuwa zaidi ya milioni 22, na milioni moja ikawa chini ya asilimia tano. Kufuli hili linajilegeza lenyewe kila daftari la wapiga kura linapokua, na hakuna hata mmoja wa wanaolalamika ambaye nimemsikia akilitaja.

Mbona basi majaribio yote matatu yalianguka? Wanaoyataja hupenda kuyafunga pamoja kama kuni, lakini ukiyafungua utaona kila moja lilianguka mahali pake na kwa sababu yake. Okoa Kenya, ya muungano wa CORD, iliwasilisha sahihi zipatazo milioni 1.6. Tume ya Uchaguzi, IEBC, ilipozilinganisha na daftari, zilizokuwa halali hazikufika milioni moja. Mtu anayetaka sahihi yake ihesabiwe lazima awe mpiga kura aliyesajiliwa na jina na nambari yake ya kitambulisho vilingane. Kudai kwamba hilo ni kikwazo ni kudai kwamba katiba ya nchi ibadilishwe kwa majina yasiyothibitika.

Punguza Mizigo ya Ekuru Aukot ilivuka hapo. Sahihi zake zilipita milioni moja. Ilikwama kwenye kaunti. Ilipendekeza kupunguza idadi ya wabunge na gharama za serikali, na mimi binafsi niliyapenda baadhi ya mapendekezo yake. Lakini mabunge mengi ya kaunti yaliikataa, na mapendekezo niliyoyapenda mimi hayana haki ya kupita kwa sababu tu niliyapenda. Kuna waliosema wawakilishi wadi walitumwa na vigogo wa vyama. Huenda. Basi tatizo hapo ni la vyama vinavyowaamrisha wawakilishi, na hakuna kiwango cha kura kinachotibu hilo.

BBI ndiyo inayostahili kukaliwa zaidi. Ilitokana na handisheki ya tarehe 9 Machi 2018 kati ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, ikapewa kamati kwa tangazo rasmi la serikali, ikaandikwa ripoti, na mwishowe ikavalishwa vazi la mswada wa wananchi. Sahihi zikakusanywa. Februari 2021, siku chache kabla ya mabunge ya kaunti kupiga kura, mikopo ya magari ya wawakilishi wadi iligeuzwa kuwa ruzuku, shilingi milioni mbili kwa kila mmoja. Katika wiki mbili hivi zaidi ya mabunge 40 yalikuwa yamepitisha mswada. Mei Bunge la Taifa nalo likapitisha, Seneti ikafuata. Tazameni kasi hiyo, halafu mniambie tena kwamba Katiba hii haisogezeki. Mswada mzito ulipita kaunti zaidi ya 40 na mabaraza mawili ya Bunge ndani ya muda wa miezi mitatu hivi. Kila kiwango cha kura ilichokutana nacho, BBI ilikivuka.

Ilizuiwa na mahakama: Mahakama Kuu Mei 2021, Mahakama ya Rufaa Agosti mwaka huo, na Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022. Mahakama ya Juu haikusema BBI ilipungukiwa kura hata moja. Ilisema Rais hawezi kuanzisha marekebisho kupitia njia ya wananchi, kwa kuwa njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya wale wasio na dola mkononi. Ilisema pia kwamba maeneobunge 70 mapya yaliingizwa mwishoni bila wananchi kushirikishwa. Hayo si masuala ya ugumu. Rais wa Kenya ana washirika Bungeni. Mlango wa Kifungu cha 256 ulikuwa wazi mbele yake, siku 90 na theluthi mbili. Aliamua kupita mlango wa wengine.

Na hapa kuna jambo linaloniudhi kuliko yote kuhusu ile BBI, kwa sababu lilitumiwa kuwauzia watu wa kaunti matumaini. Ahadi iliyopigiwa debe kila mahali ilikuwa kwamba kaunti zingepata asilimia 35 ya mapato badala ya 15. Kifungu cha 203 cha Katiba tuliyonayo kinasema mgao wa kaunti usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Usipungue. Hakuna popote kinaposema usizidi. Bunge likitaka kuzipa kaunti asilimia 20, 30 au 35, linaweza kufanya hivyo kupitia Sheria ya Ugavi wa Mapato ya mwaka wowote, kwa kura za kawaida, bila kura ya maamuzi na bila sahihi hata moja. Na kama hesabu zilizokaguliwa zinachelewa kuidhinishwa, ili asilimia hiyo ipigwe kwa mapato ya zamani yaliyo madogo, hilo nalo linarekebishwa na wabunge kufanya kazi yao kwa wakati. Walioahidi asilimia 35 walikuwa na wingi Bungeni wakati huo huo walipokuwa wakituambia kwamba Katiba ndiyo inayowazuia.

Nakubali kuna hoja moja ya upande wa pili yenye uzito, nami sitaikwepa. Katiba inasema taasisi za kuchaguliwa zisiwe na zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja, na kwa miaka yote hii Bunge la Taifa halijatimiza hilo. Miswada ya kurekebisha Katiba ili kuweka utaratibu wa kulitimiza imeletwa zaidi ya mara moja na kushindwa kufikia kura 233, ambazo ndizo theluthi mbili ya wabunge 349. Hapa, wanasema, ugumu umewanyima wanawake haki yao.

Lakini hebu tuitazame siku yenyewe. Tarehe 27 Februari 2019 mswada ulikuwa mezani, ukiongozwa na kiongozi wa wengi, ukiwa na baraka za hadharani za Rais na za kinara wa upinzani. Wabunge waliokuwa ukumbini walikuwa 174. Hawakushindwa kwa hoja wala kwa kura za kupinga. Hawakuja. Walikuwepo mjini, wengine wakiwa hatua chache kutoka ukumbini, wakauacha mswada ufe kwa ukosefu wa idadi ili pasiwepo mtu wa kunyooshewa kidole. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa sababu ya kushindwa huko, na Bunge halikuvunjwa. Ukikishusha kiwango hadi 175, siku hiyo wangekuja 120. Mtu anayejificha ili asihesabiwe hatatolewa mafichoni kwa kupunguziwa hesabu. Isitoshe, vyama vyenyewe vingeweza kusimamisha wanawake wa kutosha katika maeneobunge vinakojua vina ngome, na kwa hilo Katiba haihitaji kuguswa hata nukta.

Na kinyume chake nacho kimeonekana. Wabunge wanapolitaka jambo kwa dhati, theluthi mbili hupatikana. Julai 2025 Bunge la Taifa lilipitisha kwa kura nyingi kuliko zinazohitajika mswada wa kuiweka hazina ya maendeleo ya maeneobunge, NG-CDF, ndani ya Katiba. Wale 233 waliokosekana kwa ajili ya wanawake walipatikana kwa ajili ya hazina ambayo wabunge wenyewe huigawa katika maeneobunge yao. Kiwango kilikuwa kile kile.

Tukiangalia majirani, ambao kila mara hutajwa kama wenye katiba za kutekelezeka, sioni cha kuonea wivu. Nchini Tanzania, Ibara ya 98 ya Katiba ya 1977 inataka theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo kadhaa ya Muungano theluthi mbili ya wabunge wa kutoka Bara na ya wale wa kutoka Zanzibar. Hakuna kura ya maoni. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu pale Dodoma, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, aliamua kwamba raia ana haki ya kugombea bila kudhaminiwa na chama. Kabla mwaka haujaisha Bunge lilikuwa limeirekebisha Katiba kuifunga nafasi hiyo. Mtikila alihangaika na kesi kwa karibu miaka ishirini, hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikampa ushindi Juni 2013. Mgombea binafsi Tanzania bado hayupo. Mahakama ikimpa mwananchi haki, na Bunge likaweza kuifuta haki hiyo kwa kuandika upya katiba, mwananchi huyo amebakiwa na nini?

Uganda nako waliandika 1995 orodha ya vifungu vinavyohitaji kura ya maoni, lakini ukomo wa mihula miwili ya rais ukaachwa nje ya orodha hiyo. Mwaka 2005 Bunge likauondoa. Desemba 2017 likaondoa na kikomo cha umri wa miaka 75, baada ya askari kuingia ukumbini na kuwaburura wabunge waliopinga. Waandishi wa Katiba yetu walikuwa wameyaona ya 2005. Kwetu muhula wa Rais umo katika Kifungu cha 255. Na ndiyo maana mswada wa Seneta Samson Cherargei wa 2024, uliotaka muhula wa miaka mitano uwe saba, haukufika mbali. Umma uliuona ukiwa bado uko mezani, ukapata muda wa kuandika, na maoni yaliyomiminika Bungeni yakaupinga kwa sauti moja. Kwa utaratibu wa 1982 tungeusikia kwenye taarifa ya habari ya jioni ukiwa umekwisha kupita.

Kuna watu wenye fikra nzito zaidi ambao hawajali mambo haya ya kila siku. Wao husema si haki kizazi cha 2010 kukifunga kizazi cha leo, ambacho nusu yake kilikuwa hakijazaliwa au hakijafika umri wa kupiga kura. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama Katiba yetu ingekuwa na kifungu kisichoguswa milele. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo wanayo Ibara ya 220, inayokataza kabisa kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais. Sisi hatuna kitu cha namna hiyo, na Mahakama ya Juu mwaka 2022 ilikataa kutuwekea: ilisema fundisho la muundo msingi, linaloyaweka mambo fulani nje ya uwezo wa kurekebishwa, halitumiki Kenya mradi utaratibu wa Sura ya 16 unafuatwa. Kila kitu katika Katiba hii kinaweza kubadilishwa. Hata ugatuzi unaweza kufutwa. Kinachotakiwa ni kumuuliza kijana huyo huyo wa leo. Anayedai kumtetea kijana dhidi ya kizazi cha 2010, kisha akapendekeza kijana huyo asiulizwe bali wabunge wamwamulie, ameigeuza hoja yake mwenyewe.

Na gharama? Kura ya maamuzi ni ghali, hilo ni kweli, na kwa nchi yenye madeni yetu si jambo dogo. Ndiyo sababu ya kuwaita wananchi kwenye kura hiyo kwa jambo linalostahili tu.

Wanaotaka Sura ya 16 ilegezwe wana njia, nao wanaijua. Ni jambo la kumi katika orodha ya Kifungu cha 255: utaratibu wa kurekebisha Katiba nao haurekebishwi bila kura ya maamuzi. Waandike mswada wao waziwazi. Wasiufungashe pamoja na asilimia 35 za kaunti, maeneobunge mapya na cheo cha waziri mkuu. Wauache mezani siku 90, waupeleke katika lugha ambayo mama wa Lodwar na baba wa Msambweni wanaielewa, kisha wawaulize wapiga kura zaidi ya milioni 22 swali moja: je, mnakubali kwamba kuanzia sasa tuweze kubadilisha mihula ya Rais, uhuru wa majaji na haki zenu bila kuwauliza? Asilimia 20 wajitokeze katika kaunti 24, na zaidi ya nusu ya wote waliopiga kura waseme ndiyo.